Shoki, Ashinaga na Tenaga, kappa au tanuki wa birika: uchague netsuke ipi ya mti?

Anayetaka kununua netsuke yake ya kwanza ya mti, ya zamani, yenye mhusika wa ngano za Kijapani, hasumbuliwi na uhaba. Anasumbuliwa na wingi. Wachongaji wa enzi ya Edo (1603–1868) hawakuacha kiumbe: mazimwi yenye pembe, watawa wasiokufa, mbweha wanaojigeuza wanawake, majoka ya baharini. Katika orodha moja ya mnada unaweza kukuta kumi na tano, zote za kutosha kiganja, zote zimeandikwa "karne ya 19", na bei zinapishana mno bila sababu inayoonekana pichani.

Kwa asiyezijua, kimono haina mifuko. Mwanamume aliyetaka kutembea na tumbaku, kiko au inro (kijisanduku cha dawa chenye vyumba vilivyopandana) alivifunga kwenye ugwe, akaupitisha ugwe nyuma ya mshipi wake, na juu ya mshipi akaweka kishikizo cha kuzuia mzigo usichomoke ukaanguka. Kishikizo hicho ndicho netsuke. Kina matundu mawili ya kupitishia ugwe, yanaitwa himotoshi, na chini yake hukaa shanga moja ya kukazia. Baada ya 1868 suti na sigara zikaingia Japani, kazi ya kishikizo ikafifia, na wageni wa Ulaya na Marekani wakaanza kuzinunua kama mapambo.

Nazungumzia za mti tu. Pembe ya ndovu ina mambo yake: Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe hadharani, mwaka huohuo nchi wanachama wa CITES (mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka) zikakubaliana kufunga biashara yake ya kimataifa, na Uingereza nayo ina sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inayobana hata vitu vya kale. Kwa ya mti husumbuliwi na mtu mpakani. Ila uliza macho yametengenezwa kwa nini. Macho, na hata pete za matundu, wakati mwingine ni vipande vya pembe ya ndovu, na mtu wa forodha hapimi kwa udogo.

Nimechagua wahusika wanne kwa sababu kila mmoja anamtwisha mchongaji tatizo tofauti la umbo. Shoki ni mtu mzima mwenye joho pana na silaha. Ashinaga na Tenaga ni wawili waliobebana, warefu kama mlingoti. Kappa ni kiumbe cha kuchuchumaa. Tanuki wa birika ni duara. Gama Sennin na chura wake, au Kiyohime, mwanamke aliyegeuka joka akajiviringisha kwenye kengele ya hekalu la Dojoji, wangeweza kuingia pia, lakini ukishawaelewa hawa wanne utaweza kuwapima wengine mwenyewe.

Vigezo

Cha kwanza ni kisa: ukiishika netsuke, je, kisa unakiona chenyewe au unahitaji mtu akusimulie? Cha pili ni umbo, maana kishikizo kinachochoma ubavu au kunasa kitambaa kilikuwa kibovu hata kama kilipendeza machoni. Cha tatu ni mti na mkono uliouchonga. Cha nne ni mitego ya sokoni, kwa kuwa kila mhusika ana namna yake ya kughushiwa na mahali pake pa kuvunjika. Cha tano ni mnunuzi anayefaa, nacho nimekiweka mwisho.

Bei sikuifanya kigezo. Wote wanne wanapatikana kwa dola mia kadhaa wakiwa hawana sahihi na wamechakaa, na wote wanne hupanda hadi maelfu mengi mchongaji akiwa na jina. Mhusika peke yake hapandishi bei.

Kisa

Shoki ana kisa kizito kuliko wenzake. Asili yake ni China: msomi aliyefanya mitihani ya dola, akanyimwa heshima aliyostahili, akajiua palepale ikulu. Alizikwa kwa heshima, na mzimu wake ukaapa kulipa fadhila kwa kuwakamata mashetani. Inasimuliwa kwamba Mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang, akiwa mgonjwa, alimwota akimdhibiti shetani mmoja, akaamka mzima. Japani walimpokea kama mlinzi. Picha yake hutundikwa katika sikukuu ya wavulana ya tarehe 5 Mei, na juu ya mapaa ya nyumba za zamani za Kyoto bado kuna vijisanamu vyake vya vigae vinavyofukuza nuksi.

Wachongaji wa netsuke wakamgeuza kichekesho. Kuna mpangilio mmoja unaorudiwa sana: Shoki amesimama, upanga mkononi, ndevu zimepeperuka, macho yamemtoka, anatazama mbali kulitafuta zimwi. Igeuze netsuke. Zimwi lenyewe limejikunyata juu ya kofia yake, mguu mmoja unaning'inia karibu na sikio lake. Katika mpangilio mwingine Shoki amekaa juu ya gunia lililofungwa, na kwenye tundu la gunia unatoka ukucha mmoja. Picha ya mbele peke yake haikupi kisa. Mpaka vidole vigeuze.

Ashinaga na Tenaga hawana kisa chenye mwanzo na mwisho. Wana hali. Mmoja ana miguu mirefu kupita kiasi, mwingine mikono, na hakuna anayeweza kuvua peke yake. Kwa hiyo wa miguu anaingia baharini akiwa amembeba wa mikono, na wa mikono anachota samaki. Wanatoka katika maandiko ya kale ya Kichina ya jiografia ya maajabu, Shanhaijing, yanayotaja watu wa nchi za mbali, na Wajapani wengi wa Edo waliwakuta katika ensaiklopidia yenye picha ya Terajima Ryoan ya mwaka 1712. Zamani zaidi ya hapo walichorwa kwenye kiambaza cha jumba la Seiryoden, ndani ya kasri la kifalme la Kyoto. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hapa: mara nyingi mchongaji amemweka pweza ameung'ang'ania mguu wa Ashinaga, Tenaga anamvuta kwa mikono yote miwili, na pweza haachi.

Kappa ndiye anayejulikana zaidi nje ya Japani. Ni kiumbe cha mtoni chenye kimo cha mtoto, gamba la kobe mgongoni, mdomo wa ndege, na utosini shimo lililojaa maji. Nguvu zake zote zimo katika maji hayo. Anapenda matango na mieleka, na ana adabu kupita kiasi: ukimwinamia naye atainama, maji yamwagike, alegee. Wazazi walimtumia kuwatisha watoto wasiende mtoni peke yao, na si bure, kwa kuwa katika ngano za zamani anazamisha watu na kuwavuta farasi majini. Huko Tono, mkoa wa Iwate, kuna kidimbwi cha kappa nyuma ya hekalu ambako wageni bado wanatupa matango. Kwenye netsuke ukatili huo umetoweka kabisa. Utamkuta amekanyaga kombe kubwa la baharini, kombe limejifunga, limembana mguu, na sura yake ni ya mtu aliyefumaniwa.

Tanuki wa birika ni ngano ya Bunbuku Chagama. Tanuki ni mnyama wa jamii ya mbwa, mnene, mwenye weusi kuzunguka macho, na katika ngano ni hodari wa kujigeuza. Huyu alijigeuza birika la chuma la chai, akauzwa kwa mtawa. Mtawa alipolibandika motoni birika likaruka likiota kichwa, miguu na mkia. Likaishia kwa mtu maskini wa kuchuuza vyuma, naye akalifanyisha michezo ya kutembea juu ya kamba mpaka wote wawili wakatajirika. Hekalu la Morinji, mjini Tatebayashi, mkoa wa Gunma, linaonyesha mpaka leo birika linalohusishwa na ngano hiyo. Kisa chote kinaonekana kwa jicho moja: birika lenye uso. Hata mtoto wa miaka minne ataelewa kwamba hapa kuna mambo.

Umbo

Kwa kishikizo, kanuni ni kwamba kila kinachochomoza kitavunjika au kitanasa. Mchongaji mzuri anaanza kwa kujiuliza atafichaje mikono.

Kwa kanuni hiyo tanuki wa birika anawatangulia wenzake. Ni mviringo, hana kona, linalala vizuri juu ya mshipi na linajaa mkononi. Ugumu wake uko pengine, na ni wa ustadi kuliko wa uimara. Chukua nzuri uiangalie kwa lenzi shingoni, pale manyoya yanapokutana na chuma. Mchongaji mzembe anabandika kichwa cha mnyama juu ya mpira. Stadi anaanza na nywele ndefu za shingo, anazifupisha kadiri zinavyoshuka, anaziacha zikawa vidoa tu, na vidoa hivyo vinageuka vinundu vya chuma cha birika la chai, bila wewe kujua mstari umepita wapi. Yote hayo ni kwenye mti uleule, rangi ileile. Kisha geuza chini: nyayo zimekunjwa chini ya kitako cha birika, na kila kidole kimechongwa ingawa aliyevaa asingeonyesha upande huo kwa mtu.

Shoki ana faida ya joho. Kitambaa kipana kinampa mchongaji gogo zima la kufanyia kazi, na matundu yanakaa mgongoni bila kuharibu sura. Hasara yake ni upanga. Ukiwa umenyooshwa mbele, huo ni uchongaji wa kutazamwa mezani, na mara nyingi ni wa baada ya 1868, mnunuzi alipokuwa mgeni asiyevaa mshipi. Upanga uliolazwa mgongoni au kubanwa kwenye mkunjo wa joho unakuonyesha mtu aliyejua kazi ya kishikizo.

Ashinaga na Tenaga ni warefu. Netsuke nyingi ni za sentimita tatu hadi tano. Hawa hufika kumi na zaidi. Mrefu namna hiyo alikaa wima kwenye mshipi, na kwa mzigo mzito alishika vizuri, kwa hiyo usidhani urefu ni kosa. Wachongaji wengi hawakutoboa hata tundu: ugwe ulipita kwenye uwazi kati ya mkono na mwili, na ukiona uwazi huo umesuguliwa ndani mpaka umelainika, umepata dalili nzuri ya matumizi. Udhaifu uko kwenye goti. Nyuzi za mti zinakwenda kwa urefu wa mguu, kwa hiyo mguu ulionyooka una nguvu. Goti linapokunjwa nyuzi zinakatwa kati, na hapo ndipo panapovunjika. Kwa sababu hiyo wachongaji wenye busara waliwachonga magoti yamekunjwa kidogo tu, au waliijaza nafasi hiyo kwa wimbi, pweza au nguo.

Kappa yuko katikati. Akichuchumaa, magoti kifuani, ni imara karibu sawa na birika. Akisimama na viungo vyake vyembamba, ni tatizo, na vidole vyenye utando ndivyo vinavyoondoka kwanza.

Mti na mkono

Mti unaoongoza ni tsuge: wa manjano, mzito kwa udogo wake, nyuzi zimebanana kiasi kwamba unaweza kuchonga unywele usikatike. Ukishikwa miaka mingi unageuka rangi ya asali iliyokolea. Hinoki, wa jamii ya mberoshi, ni laini na mwepesi na ulipendwa na waliotaka kupaka rangi. Ichii ulitumika milimani Hida, karibu na Takayama, ambako Matsuda Sukenaga (1800–1871) alijenga mtindo wa kuchonga kwa mapigo machache makubwa na kuacha alama za patasi zionekane. Upo pia mcheri, na mti mweusi wanaouita kokutan.

Hapa niseme jambo kwa wenzangu waliozoea vinyago. Ukiwa umekulia karibu na mpingo, mkono wako unaamini kwamba cheusi na kizito ndicho cha thamani. Kwenye netsuke acha imani hiyo. Aliyewahi kununua kinyago kule Mwenge anajua ujanja wa dawa ya viatu juu ya mti mweupe, na kwenye netsuke bandia ujanja ni uleule: rangi nyeusi imesukumwa kwenye mikunjo yote kwa usawa, ionekane ni uzee.

Ashinaga na Tenaga ndio wenye historia ya mkono iliyo wazi zaidi, kwa sababu ya Yoshimura Shuzan wa Osaka, mchoraji wa karne ya 18 aliyechonga viumbe wa maandiko ya Kichina katika hinoki na kuwapaka rangi. Hakutia sahihi. Kwa hiyo mtindo wake ukaigwa hata alipokuwa hai, na ukaendelea kuigwa. Ukikuta hinoki yenye mabaki ya rangi nyekundu na kijani mikunjoni, unachoweza kusema ni kwamba iko katika mtindo wa Shuzan. Anayekuambia ni ya Shuzan mwenyewe aeleze amejuaje. Rangi iliyobaki vipande ni afadhali kuliko rangi kamili: mkono wa aliyevaa uliiondoa kwenye pua, magoti na mabega, ikabaki kwenye mashimo.

Shoki alichongwa kila mji uliokuwa na mchongaji, kwa hiyo hakuna wilaya inayommiliki. Faida yake ni kwamba utampata wa karne ya 18, mpana na mzito wa umbo, na utampata wa miaka ya 1880, mwembamba na mwenye kazi nyingi ndogondogo, na ukiwaweka pamoja utajifunza historia nzima ya uchongaji huu kupitia mtu mmoja.

Kappa wengi wanaopita sokoni ni wa karne ya 19 na baadaye, na wazuri wengi wana harufu ya Edo, yaani Tokyo ya leo. Suzuki Tokoku (1846–1913), aliyefanya kazi Tokyo na aliyejifunza mwenyewe, alipenda viumbe vya ngano na alitia kwenye mti vipande vidogo vya malighafi nyingine. Kazi ya namna hiyo inamfaa kappa kwa sababu maji ya utosini yanaweza kung'arishwa kwa kipande tofauti. Ngozi yake nayo ni mahali pa kuonea ustadi uitwao ukibori. Mchongaji anabonyeza mti kwa chombo butu, anapunguza uso wa mti mpaka usawa wa mabonyeo, kisha anaulowesha. Nyuzi zilizobanwa zinavimba na kuinuka kama chunusi. Chunusi hizo hazina alama ya patasi pembeni kwa sababu hazikuchongwa. Wachongaji wa Ise-Yamada waliotumia jina la Masanao, waliowauzia mahujaji wa hekalu kuu la Ise, walizitumia sana kwa vyura.

Tanuki wa birika ana uhuru kuliko wote. Ni mada ya kila karakana, za stadi na za kawaida, na nyingi hazina sahihi.

Kuhusu sahihi, zisikupumbaze. Mwaka 1781 Inaba Tsuryu wa Osaka alichapisha Soken Kisho, kitabu cha mapambo ya panga, na ndani yake akaweka orodha ya wachongaji wa netsuke zaidi ya 50. Wakati huo tayari netsuke za ng'ombe za mchongaji Tomotada wa Kyoto zilikuwa zikighushiwa. Kama jina lilighushiwa zaidi ya miaka 240 iliyopita, mnunuzi wa leo halipii jina; analipia uchongaji, jina likiwa ushahidi wa ziada. Majina yalirithiwa pia: Masanao aliyetajwa juu si mtu mmoja, ni ukoo. Kama unataka kulinganisha sahihi, kadi za kumbukumbu za netsuke za Frederick Meinertzhagen, zilizohifadhiwa na British Museum na kuchapishwa mwaka 1986, ni mahali pa kuanzia.

Mitego ya sokoni

Mtego mmoja ni wa wote: resini iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya mti. Tafuta mshono mwembamba pembeni, vipovu vidogo mikunjoni, na matundu ya ugwe yenye kingo kali kama yametobolewa jana. Tafuta picha mtandaoni. Ukimwona ndugu yake pacha mwenye mkwaruzo mahali palepale, hiyo si ya mkono. Usikubali ushauri wa kuchoma na sindano ya moto. Ukiwa umekosea umeharibu kitu cha kale cha mtu.

Kwa Shoki angalia ncha ya upanga, ukingo wa kofia na mikono ya zimwi. Upanga uliobadilishwa hutofautiana kidogo rangi, na ncha iliyovunjika mara nyingi husuguliwa ikaonekana kama ilivyozaliwa fupi. Huo si udanganyifu mkubwa, lakini ukate bei.

Kwa Ashinaga na Tenaga uliza moja kwa moja: je, mguu umeunganishwa? Fuata nyuzi za mti kwa lenzi kutoka paja hadi kifundo. Zikikatika na kuanza upya, kuna gundi. Tochi ya UV husaidia, maana gundi nyingi za kisasa hung'aa chini yake. Kuna pia kundi kubwa la bandia za kitalii za wahusika hawa, na zinajitambulisha kwa unyoofu wao: miguu imeachana kama ngazi, haina pweza wala wimbi, na hakuna mahali pa ugwe zaidi ya matundu mawili yaliyotobolewa mgongoni bila kufikiriwa uzito utaning'inia vipi.

Kwa kappa tatizo kubwa ni umri. Bado anachongwa leo, na wachongaji wa sasa ni wazuri kweli. Netsuke mpya iliyosainiwa na mchongaji aliye hai ni kitu cha heshima. Shida ni pale inapouzwa kama ya 1850. Uzee wa kweli haukai sawasawa. Sehemu iliyosuguana na mshipi imelainika mpaka maelezo yamefifia, sehemu iliyotazama nje imepata mng'ao, na ndani ya mikunjo bado unaona kazi ikiwa kali. Kappa aliyefifia kila mahali kwa kipimo kimoja amesuguliwa kwa mashine au kwa kitambaa chenye mchanga.

Kwa tanuki wa birika, wepesi wa umbo ndio mtego. Duara ni rahisi kutengeneza kwa wingi. Rudi kwenye shingo, na geuza kitako. Bandia nyingi zimechongwa vizuri mbele na zimeachwa uchi chini. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mti usikutishe, hasa kwa mti uliotoka kwenye unyevu wa Japani ukaishi nyumba zenye joto la mashine huko Ulaya. Ufa uliojazwa nta ya rangi ndio wa kuulizia.

Nani achukue ipi

Kama unapenda kusimulia, na nyumbani kwako wageni hushikashika vitu, mchukue Shoki. Mpe mgeni aigeuze mwenyewe, usimwambie chochote kuhusu kofia. Mnunuzi wa Shoki awe tayari kulipia uchongaji wa nyuma sawa na wa mbele, na akatae kila Shoki ambaye mgongo wake hauna habari.

Kama unakusanya kwa ajili ya karne ya 18 na unataka kitu kinachoonekana hata kikiwa kwenye rafu, Ashinaga na Tenaga watakupa ukale, na ukubwa ambao wengine hawana. Wafaa mtu mwenye kabati la kioo. Hawafai nyumba yenye watoto, na hawafai kubebwa mfukoni, goti halitakusamehe. Kama fedha hazitoshi kwa wawili waliobebana, wapo Ashinaga wa peke yake na Tenaga wa peke yake, ingawa kwa maoni yangu mmoja bila mwenzake anabaki mtu wa ajabu tu, hana kazi.

Kama umeingia kwenye netsuke kupitia katuni na michezo ya video ya Kijapani, kappa unamjua tayari, na hilo si jambo la kuonea haya. Mchuchumaaji wa karne ya 19, asiye na sahihi, mwenye chunusi za ukibori zilizoinuka vizuri, atakufundisha mbinu nyingi zaidi ya jina kubwa usiloweza kulithibitisha. Anayesisitiza umri uliothibitika, kappa atamchosha.

Kama unanunua ya kwanza na ya pekee, au zawadi kwa mtu asiyejua lolote, tanuki wa birika ni salama: imara, inaeleweka bila maelezo, na hata ikiwa umelipa zaidi kidogo kuliko ulivyodhani, bado unayo netsuke inayofanya kazi ya netsuke. Anayetaka mchezo wa kutisha au ukubwa, ataiona ya kitoto.

Na kama unanunua ukiwa mbali, bila kuigusa, mhusika anakuwa jambo la pili. Kabla ya kulipa omba picha sita: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, na kitako. Ongeza ya saba ya matundu kwa karibu, uone kama ukingo umeliwa na ugwe upande mmoja. Muuzaji anayetuma mbele tu, huku akikuhimiza kwamba kuna mteja mwingine, mwachie mteja huyo.